Jina la Mama Kule Jumuiyani

Ngombezi, Korogwe

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya Njombe? Mimi mzima, ila maji ya mkonge hapa kiwandani yananiwasha mikono hadi nashika kijiko kwa hasira. Mungu anasaidia.

Baba, nina jambo, nawe ni mwinjilisti, nivumilie. Jumamosi nilikwenda Handeni kwa kina Agnesi, yule mchumba niliyekutajia. Ni Wakatoliki hasa. Nafika tu, mama yake ananiambia, "Tumsifu Yesu Kristu!" Mimi huyo, badala ya kuitikia "Milele na milele, amina" kama wao, kwa mazoea yetu ya Kilutheri: "Bwana asifiwe!" Walicheka mpaka kuku wakakimbia.

Unanijua, siwezi kukaa na swali tumboni. Nikamuuliza mama Agnesi: kwa nini mnamwabudu Maria? Akaacha kupepeta mchele. "Nani kakwambia tunamwabudu? Wewe humwombi baba yako akuombee?" Nikaleta lile la kwamba wao hutafuta kuokolewa kwa matendo. Akasema kwao pia wokovu ni neema, tena akanishangaa. Jirani yao Mzee Saidi, Mwislamu, akadakia: "Sasa mnagombania nini, wanangu?" Mengi niliyofundishwa kuyapinga kwao, wenyewe hawayasemi.

Lakini moja bado lipo, na hilo ndilo limenikamata. Jioni jumuiya ya majirani ilikutana pale nyumbani kusali rozari. Kabla ya kumaliza, kila mtu hutaja kwa sauti marehemu wake, na wote wanamwombea. Zamu ikanifikia. Mama Agnesi akaninong'oneza, "Mtaje mama yako." Wakaningoja. Nikakumbuka ulivyotuambia pale kaburini, kwamba yuko mikononi mwa Bwana na sisi hatuna cha kumwongezea. Nikanyamaza. Wakapita kwa mwingine, na baba, iliniuma vibaya sana.

Baadaye nilimuuliza mama Agnesi habari za toharani, huko wanakosema roho za marehemu hutakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Hapo hatukuelewana, wala hakunilazimisha. Mimi bado naamini ulivyonifundisha. Ila tangu tumzike mama sijasikia mtu akilitaja jina lake kwenye sala, na pale watu nisiowajua walikuwa tayari kabisa kulitaja.

Jumamosi ijayo jumuiya inakutana tena, na nimealikwa. Nikimtaja, nitakuwa nimeiacha imani uliyonilea nayo? Nisipomtaja, nalinda nini hasa?

Nisalimie shangazi anayekupikia, na mdogo wangu Tumaini mwambie aache kutega shule. Msalimie na mzee wa kanisa, jirani yetu, ila barua hii usimsomee.

Nijibu, baba, lakini si kama mwinjilisti. Nijibu kama mume wa mama: ukipiga magoti peke yako, humtaji?

Mwanao,
Elia