Mfupa Nyuma ya Sikio

Musaga, 9 Februari 2003

Kaka Melchior,

Amani huko Kigoma? Shule na kifua chako vinaendeleaje? Sisi tupo, na kuwapo siku hizi ni habari njema.

Jumanne bomu kutoka mlimani liliangukia nyuma ya jiko. Ukuta ulibaki, binti yangu Benite alibaki, ila masikio yake yalikwenda. Nikimwita kwa nyuma hageuki. Mama mkwe anamtia mawese ya vuguvugu, anasema ni vumbi limeziba. Mi nimemfungia ndani, maana kwa hali ya mtaa huu asiyesikia hafiki mbali. Wewe unafundisha biolojia. Niambie, atasikia tena?

Dada yako,
Daphrose

Kigoma, 2 Machi 2003

Dada yangu Daphrose,

Kifua kinakohoa, shule inakwenda. Pole sana kwa mtoto.

Mwambie mama mkwe aweke mawese yake kwenye maharage. Kila ujinga wa nchi yetu huanza hivi: mtu haoni kilichomo ndani, basi anamimina kitu. Wakubwa wanamimina risasi, bibi anamimina mafuta. Sikiliza. Sauti ni msukumo wa hewa. Unagonga ngozi nyembamba ndani ya sikio, ngozi inatikisa vifupa vitatu, cha mwisho kidogo kuliko punje ya mchele, nacho kinasukuma maji yaliyo ndani ya mfupa uliojikunja kama nyumba ya konokono. Ndani ya maji hayo mna vinywele maelfu. Vikiinama, mshipa unapeleka habari kwenye ubongo. Ngozi ikipasuka huweza kujiunga. Vinywele vikifa havioti tena, hata mkisali novena siku tisa.

Sasa pima. Chukua saa ya kengele ya marehemu baba, mwandikie Benite anyanyue mkono akisikia, mfunge macho, iache ilie, uibandike kwenye mfupa nyuma ya sikio. Akisikia kwa mfupa, konokono ni mzima; kilichoharibika ni mlango tu, na utapona. Basi mtoe ndani, arudi shule. Mtoto hafugwi kama sungura.

Kaka yako,
Melchior

Musaga, 30 Machi 2003

Kaka Melchior,

Barua imefika, Mungu akuponye hicho kikohozi. Nimepima mara tatu. Mara tatu Benite alinyanyua mkono: "Mi nasikia, mama." Nililia, yeye akacheka, mama mkwe akanuna hadi jioni. Kesho anarudi shule pamoja na Amandine, mtoto pekee wa jirani yangu Pascaline.

Dada yako,
Daphrose

Musaga, 18 Mei 2003

Kaka,

Leo sikuulizi hali, unisamehe.

Jumatatu risasi zilianza watoto wakitoka shule. Wote walilala chini kama tulivyowafundisha. Benite aliendelea kutembea. Amandine akainuka kumvuta. Benite hana hata mkwaruzo. Amandine tulimzika Alhamisi.

Benite ameniandikia kwenye daftari kwamba saa haikuwa na sauti. Ilitetemeka mfupani, naye akadhani kusikia ndiko kumebaki hivyo.

Pascaline aliniuliza mbele ya watu kama nilijua mtoto wangu hasikii. Nilimjibu, "Apana, kaka yangu mwalimu aliandika anasikia." Tarehe 15 Juni ni kuganduka, tunamaliza kilio, na kila upande utasema neno. Kwa upande wetu Pascaline anataka lako, lisomwe kwa sauti.

Daphrose

Kigoma, 1 Juni 2003

Mama Amandine,

Salamu zangu hazistahili kutangulia, lakini haingiwi kwenye kilio bila kusalimu. Nakusalimu, wewe na waliokaa nawe.

Ninafundisha namna sikio linavyofanya kazi. Mwili unahisi mtetemo hata pale sikio limekufa. Nilijua hilo, limo katika kitabu ninachofundishia. Sikuliandika, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumshinda bibi mmoja na chupa yake ya mafuta. Dada yangu alimfungia mtoto ndani. Mimi ndiye niliyemtoa.

Mtu atasimama aseme wenye kosa ni waliofyatua. Nimeandika hivyo magazetini miaka kumi, na kweli wana kosa. Leo naomba neno hilo lisisemwe kwa niaba yangu.

Benite hatasikia tena. Amandine hakuwa na saa wala kitabu. Alimtazama mwenzake anatembea, akajua kwamba hasikii, akamfuata.

Mjomba wa Benite,
Melchior