Ubao Uliooza

Chebet mjukuu wangu,

Hapa Kiptere tuko wazima, na ng'ombe wa mamako amezaa. Kwenye ujumbe wako wa simu wa leo unauliza kama umshtaki mwenye nyumba kwa ile ngazi mbovu iliyokuvunja mguu. Unasema fundi anakuja kesho kuitengeneza.

Nikiwa msichana nilikuwa nachuma chai. Siku moja sakafu ya banda la kupimia majani ilivunjika, nikatumbukia na kuumia. Kesho yake mbao zilikuwa mpya, na msimamizi akasema nilijikwaa tu. Kumbe Rael, mchumaji mwenzangu, alikuwa ameficha ule ubao uliooza ndani ya kikapu chake, chini ya majani. Niliposhtaki, Rael aliuleta kortini; hakimu akaubonyeza kwa kidole, ukabomoka. Hakuniuliza tena kama nilijikwaa.

Mshtaki. Lakini leo mtume mwenzako akapige ngazi picha, kabla fundi hajafika.

Kogo, bibi yako