Kikapu cha Simu cha Bi Mwanahawa

Jumatatu, 4 Agosti
Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha feni ya studio, kilichotokea leo saa nne asubuhi hapa Maili Moja, Kibaha. Marehemu ameacha mpiga picha mmoja, mwenye jasho. Amezikwa nyuma ya choo.

Wateja wanne, wote pasipoti. Mmoja alitaka nimpunguzie kitambi. Kwenye pasipoti.

Mchana kaja Denis, yule aliyekuwa akitengeneza kadi za harusi. Sasa anaanzisha tovuti ya wakubwa. Kalitamka hilo kama anafungua zahanati. Anatafuta picha na video za wanawake wa hapahapa. "Dada, watu wamechoka na Wazungu. Wanataka uhalisia." Najua anachonyemelea. Mimi ndiye kamera pekee inayoruhusiwa kwenye singo za mabibi harusi, ngoma za wanawake watupu, kutoka hapa mpaka Kisarawe. Nimemwonyesha mlango.

Jumatano, 6 Agosti
Denis karudi na kompyuta. Tovuti imebakiza kufunguliwa tu, nije nione nilichokosa. Nimetazama ili nipate cha kumcheka.

Nimeona singo ya Maneromango. Bibi harusi mwalimu wa sekondari, walimu wenzake, mama zake wadogo, kanga moja moja, viuno vinafundishwa kazi. Wanacheka kicheko kile cha wanawake wanaojua hakuna mwanamume. Video yangu. Dakika ya tatu kidole changu kimeingia pembeni.

Nimeuliza kaipata wapi. Kasema wauzaji hawatajwi. Kwa hasira nikashindwa kumtukana vizuri. Matusi mazuri yamekuja baadaye, nikiosha vyombo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nakala nilitoa moja tu. Flashi, mkononi mwa Bi Mwanahawa, somo anayefunda mabibi harusi wa Maneromango tangu sijazaliwa. Ndiye anayekusanya simu zote mlangoni, anazitia kwenye kikapu cha ukili, anakifunika kanga na kukaa nacho mpaka ngoma iishe. Hakuna simu iliyowahi kumpita.

Nimempigia. Hata shikamoo sikumpa. Nimemwambia amewauza wanawake wenzake. Akauliza: "Mimi, mwanangu?"

Nikakata. Nikampigia mama wa bibi harusi. Nikajisikia vizuri, kama mtu aliyetumbua jipu.

Jumapili, 10 Agosti
Habari imezunguka Maneromango na kunirudia imenona. Wanasema flashi zilikuwa kumi. Mume wa mwalimu kahamia kwa kaka yake. Familia yenye singo Jumamosi hii imemwambia Bi Mwanahawa apumzike. Kupumzika ni neno la adabu.

Namchukia Denis. Namchukia bibi yule. Leo hata padre kanichosha.

Jumatano, 13 Agosti
Nimemfuata Denis kwake Mlandizi. Nikamwambia naenda polisi, na kabla ya polisi nampitia mama yake, mwenyekiti wa kwaya. La polisi halikumshtua. La mama lilimshtua, kafuta kila kitu mbele yangu.

Kisha kasema mwenyewe. Hakununua kwa mwanamke yeyote. Kachukua kwa Shomari, yule mwenye banda la kujaza memori pale stendi. Watu wanamwachia memori kadi awatilie nyimbo na tamthilia. Anajaza, na yaliyokuwamo anajikombea. Denis huyabeba kwa jumla, kama robota la mitumba.

Nimekaa kwenye tofali lake bila kukaribishwa.

Mwezi uliopita nilimwachia Shomari memori anitilie tamthilia ya Kituruki. Memori ya kamera. Alisema ina mavideo, nikamjibu, "Nafasi ipo, jazia hapohapo."

Jumamosi, 16 Agosti
Shomari kapata yale matusi mazuri. Kafuta, kaapa. Matusi mengine nilirudi nayo nyumbani, yalikuwa ya kwangu.

Singo ya leo kafunda somo mwingine. Mimi sikuitwa.

Jumapili, 24 Agosti
Maneromango. Barabara mbovu, niliistahili.

Nimeanza kwa mama wa bibi harusi, kisha kwa mume, mwisho kwa Bi Mwanahawa. Maneno yaleyale nyumba tatu: memori ilikuwa yangu, niliipeleka mwenyewe. Mume alinisikiliza amesimama. Amerudi kwa mkewe. Mama alinifungia mlango taratibu, bila kuubamiza.

Bi Mwanahawa alikuwa anamenya mihogo. Shikamoo yangu aliiitikia. Akaniuliza kama zimefutwa. Nikasema ndiyo. Wenye singo hawajamwita tena, wameshazoea yule somo mwingine. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu.

Kikapu kilikuwa kinaning'inia jikoni. Ametia vitunguu.

Njiani Denis kapiga. Tovuti haikufunguliwa hata siku moja. Sasa anafuga kuku wa mayai, anataka nikawapige picha.