Saa Sita ya Nakonde

Tunduma, 9 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko Ileje? Miguu yako inaendeleaje? Simu ya Gwakisa haipatikani, barua nampa dereva wa Noah inayoleta abiria huko.

Mama, nimechoka. Tangu mume wangu Joshua afukiwe na kifusi machimboni Saza, sijalala usingizi wa maana. Asubuhi nawaacha watoto kwa jirani, navuka mpaka kwenda kuuza vitenge Nakonde, bosi ananifokea mbele ya wateja kwa sababu nasahau bei. Moyo unadunda, nywele zinang'oka. Juzi nilisimama barabarani malori yakipita, nikawaza jambo ambalo siwezi kukuandikia. Kanisani naenda, narudi vilevile. Nifanyeje?

Mwanao,
Nesta

Ileje, 17 Februari

Nesta mwanangu,

Marahaba. Miguu imevimba lakini inanibeba. Anaandika mdogo wako Gwakisa, maneno ni yangu.

Hilo uliloliwaza nimelijua, na nimelia. Usisimame tena hapo, unanisikia?

Fanya hivi. Kila siku saa sita mchana, wakigonga ile rimu ya gari iliyo kengele ya kanisani, mimi naweka jembe chini napiga magoti hapohapo shambani. Na wewe saa sita acha vitenge usali. Mwambie Mungu yote, hata kama una hasira naye. Tutakuwa wawili.

Mama yako,
Tulinagwe

Tunduma, 20 Machi

Mama,

Shikamoo. Kifua je? Gwakisa alimdokeza dereva kwamba kinakubana. Sisi wazima.

Mama, nimelala! Usiku mzima! Saa ya ukutani dukani ikifika sita, naingia nyuma ya marobota nasali. Siku za kwanza nilikuwa nalia tu. Sasa nasikia kabisa umenishika mkono. Lile wazo la barabarani limeniacha.

Ila mimi mjinga jamani. Saa ya dukani ni ya Zambia! Nimeizoea mpaka nimesahau. Sita yao huko kwenu ni saba. Mwezi mzima tunasali kila mtu peke yake. Ningesali saa tano yao, lakini ndipo duka linafurika, bosi haniachii. Nifanyeje?

Mwanao,
Nesta

Ileje, 29 Machi

Nesta,

Marahaba. Nimecheka mpaka Gwakisa kaacha kalamu.

Baki na saa yako. Mimi nitaanza rimu ikigongwa, nikungoje palepale mpaka watoto wa darasa la kwanza wapite kurudi nyumbani. Hapo ni saba. Gwakisa anagomba, eti mvua, eti kifua. Mwache agombe. Wewe lala, mwanangu.

Mama yako,
Tulinagwe

Ileje, 2 Mei

Dada,

Pole na safari ya kurudi. Msibani ulikuwa hujiwezi, sikuweza kukueleza.

Siku ile nilimkuta mama shambani amepiga magoti kwenye tope, ameshika kifua. Rimu ilikuwa imegongwa muda si mrefu. Nikataka kumbeba nimpeleke zahanati. Akanishika shati, akasema, "Niache kwanza, Nesta hajafika." Nikamsihi, akakataa katakata. Nikakaa naye kwenye mvua, nikimtii kama mpumbavu. Watoto walipopita akasema, "Haya, amefika." Ndipo akakubali nimbebe. Zahanati hatukufika.

Dada, nimekukasirikia. Ile saa moja ingetosha kumfikisha. Nasali hasira iniondoke, haiondoki.

Mdogo wako,
Gwakisa

Tunduma, 10 Mei

Gwakisa mdogo wangu,

Habari za hapo nyumbani? Barua nimeipata. Nikasirikie tu, una haki. Na mimi najikasirikia.

Baada ya kuisoma nilirudi kusimama pale barabarani. Nikakumbuka mama alinikataza, nikaondoka.

Jana saa tano ya dukani niliacha wateja wamejaa, nikapiga magoti nyuma ya marobota. Sikuinuka mpaka sita. Bosi amenifukuza.

Jumanne nakuja na watoto. Kama hutaki kunisemesha, sawa. Rimu ikigongwa, nionyeshe tu mahali alipokuwa amepiga magoti.

Dada yako,
Nesta