Zizi Lililo Chini ya Maji

Baba,

Shikamoo. Najua ungekuwepo ungenijibu kwa ule mguno wako, maana marahaba hukuwahi kuitamka yote, nusu ulikuwa unaimeza. Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu hapa Runzewe. Wateja wa mchana wameshakula wakaondoka, sufuria nimeziloweka, na nimeona nisipokuambia mimi hakuna atakayekuambia. Mama hawezi. Masanja, mwanao wa kwanza, anajifanya hana muda. Na mdogo wako, baba mdogo Shija, ndiyo kabisa: siku hizi jina lako likitajwa anainuka kwenda kukojoa.

Baba, hatukukuhamisha. Uko chini ya maji.

Nimeandika hivyo, nikaweka kalamu chini, nikaenda kuosha sufuria ambazo hazikuwa na haraka yoyote. Sasa nimerudi.

Uliondoka wakati habari za bwawa bado ni maneno ya mikutanoni. Ulicheka, ukasema, "Watafunga mto kwa kamba gani hao?" Basi waliufunga. Walijenga ukuta wa zege pale mto unapopita kati ya vilima viwili, pale pale ulipokuwa unanywesha ng'ombe kiangazi. Tukaambiwa ni bwawa la umeme, wa migodini na wa miji, na sisi tuliokaa kati ya mto na msitu tutapewa viwanja kando ya barabara. Wakaja vijana na rangi nyekundu. Waliweka alama kwenye nyumba, kwenye mipapai, hadi kwenye choo. Kisha wakauliza makaburi, ili yahamishwe. Bibi alikuwa na msalaba, wakamwandika. Yule mtoto wa Masanja alikuwa na saruji, wakamwandika. Ndipo wakauliza mwenye mji huu amezikwa wapi.

Wewe ulitaka kuzikwa zizini kama babu, kama wenye miji wote wa zamani. "Msinijengee saruji," ulisema. "Ng'ombe wapite juu yangu, nisikie kwamba wamerudi." Tulifanya hivyo. Tulikulaza juu ya ngozi ya yule dume mweusi, tukafukia, tukasawazisha, na jioni ng'ombe wakaingizwa. Kulipokucha hapakuwa na kaburi, palikuwa na samadi na alama za kwato. Na mahali pa namna hiyo mgeni haonyeshwi, hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Kwa hiyo baba mdogo alisimama mlangoni mwa zizi akawaambia wale vijana kwamba hapa hakuzikwa mtu, kaka yake alizikwa kwao Shinyanga. Mama akaitikia kwa kichwa. Walikuwa wanakulinda, Baba. Walikuficha kama mtu anavyoficha mtoto mgonjwa asichukuliwe na watu asiowajua.

Mimi nilikuwa huku na wali wangu na maharage yangu. Nilipopata habari, zoezi lilikuwa limeshafungwa. Nilimfokea baba mdogo mpaka majirani wakatoka nje, nawe unaujua mdomo wangu. Yeye alinijibu taratibu tu, "Nyamizi mwanangu, ungekubali wamfukue baba yako, wamtie kwenye mfuko?" Nikamuuliza, na maji je? Akasema, "Mto huu nimezaliwa nao. Hata ile mvua iliyobeba daraja, haukufika kisimani."

Alilipima bwawa kwa mafuriko aliyoyajua. Nami nikarudi kwenye biashara yangu, kwa sababu nilitamani sana awe anasema kweli.

Maji yenyewe hayakuja kama mafuriko. Mafuriko yana kelele, na yakishavunja yanarudi. Haya yalipanda kimya, leo yako kwenye majani, kesho yako kwenye magome. Msitu ulianza kufa kabla yetu. Ile mininga, ile mitundu uliyotundika mizinga yako, ilikufa imesimama majini, ikapukutisha majani kiangazi hakijafika. Nyuki walining'inia kwenye matawi kwa vishada, siku baada ya siku, halafu wakaondoka na hakuna ajuaye walikokwenda. Rafiki yako mzee Kasoga, yule Msumbwa aliyekufundisha kutundika mizinga, sasa ni mlinzi kwenye karasha, kule mawe ya dhahabu yanakosagwa. Mtu aliyekuwa anaweka sikio kwenye mti na kukuambia mzinga umejaa! Nilimsalimia juzi, hakunisikia. Ilibidi nimshike mkono.

Maji yalipovuka kisima, baba mdogo alikuja mwenyewe kuniita. Alisimama mbele ya kibanda na jembe begani. Tulikwenda wote, na Masanja, na Mama. Ng'ombe walikuwa wameshatolewa na miti ya uzio imeshang'olewa kwa kuni, na zizi bila uzio, Baba, ni uwanja tu. Kumbuka ulivyokuwa unalipanua kila ng'ombe walipoongezeka. Masanja akasema uko karibu na mlango. Baba mdogo akasema hapana, ni kule ndama walikokuwa wanalala. Tukachimba kwa Masanja, tukachimba kwa baba mdogo, na kila shimo likatoa maji kutoka chini kabla hatujafika popote. Baba mdogo alichimba huku analia kwa sauti, mtu mzima yule, mikono imechubuka, anakuita, "Kaka, uko wapi? Kaka!" Mlinzi wa kampuni ya bwawa alifika kutufukuza. Alipoona tunachotafuta, akavua kofia, akageuka kuangalia upande mwingine.

Mama ndiye aliyetusimamisha. Alisema, "Mwacheni. Mnamsumbua." Akachukua gunia, akajaza udongo na samadi kwa mikono yake, kidogo hapa, kidogo pale, kila mahali tulipobishania. Tukaondoka nalo.

Naona uchungu kukuambia yanayofuata, lakini nimeshaanza. Tunakaa kwenye mistari, kama maduka. Viwanja ni vidogo na mifugo imekatazwa, kwa hiyo Masanja aliwapeleka ng'ombe mnadani, akarudi akalala kutwa nzima amegeukia ukutani. Nyaya za umeme zinapita juu ya bati la Mama na kwenda zake. Ndani anawasha kibatari. Bibi na yule mtoto wamezikwa upya vizuri tu, nyuma ya kanisa. Waliotajwa walipona. Wewe tuliyekupenda hata tukakuficha, ndiye tuliyekuacha. Nikifika hapo naishiwa akili, Baba. Nina hasira na wale wa rangi nyekundu, na baba mdogo, na mto wenyewe kwa kukubali kufungwa.

Gunia liko nyuma ya mlango wa Mama. Akiamka anafagia kwanza, halafu analisalimia, "Mwangaluka," kama alivyokuwa anakusalimia wewe ukitoka kukagua ng'ombe. Sijamuuliza kama anasikia jibu.

Sasa sikiliza. Shangazi kule Ushetu ana mtamba mmoja ambaye Masanja hakumuuza kwa sababu hakuwa mikononi mwake. Ni wa uzao wa yule jike wako mwekundu mwenye pembe iliyopinda, na pembe amerithi. Shangazi ameshakubali. Mvua zikikatika nitamleta hapa kwa miguu, mimi mwenyewe. Nitazungushia miiba nyuma ya nyumba ya Mama, nitamwaga gunia lote chini, nitasawazisha kama tulivyosawazisha siku ile, na jioni nitamwingiza. Huyo huyo mmoja.

Afisa atakuja, najua. Atauliza nani kaleta mifugo kwenye viwanja. Mama ataogopa na baba mdogo atakwenda kukojoa. Mimi sitasimama mlangoni kudanganya. Safari hii mgeni akiuliza, nitamwonyesha kwa kidole, hapa, baba yetu amezikwa hapa, andika.

Lala sasa, Baba. Vumilia hayo maji kidogo. Siku utakaposikia kwato juu yako, usishtuke, ni sisi tumerudi.

Binti yako,
Nyamizi