Jibu la Siku ya Pili

Dodoma,
10 Juni 2025

Mpendwa Kaka Nolasco,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Auleria na watoto, na kwamba mguu wa mama umepoa kidogo tangu mlipotoka kliniki Nyakahanga. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo usiniulize, maana moyo wangu una hasira tangu Ijumaa uliponipigia. Kwa simu nisingeweza kusema haya. Ungeniuliza swali moja, nami ningejifanya mtandao umekata. Ndiyo maana nimempa barua hii Deodatha, anayerudi huko kwa basi la kesho.

Uliniambia kwamba mabwana shamba wamepaka rangi nyekundu kwenye migomba ya mama, na kwamba Jumatatu ya tarehe 16 wanakuja kung'oa kibanja chote kwa sababu migomba mitatu imeshikwa na ugonjwa wa mnyauko. Mitatu, kati ya zaidi ya mia mbili! Ukasema mama ameacha kula. Kisha ukaniuliza kwa nini Baraza letu limeamua hivyo, na mimi nimo humohumo.

Kaka, ngoja nikuambie Baraza ni kitu gani, maana kijiji kizima kinanisifu kwa kazi kisiyoijua. Baraza la Ushauri wa Sera za Kilimo haliamui chochote. Linashauri tu. Juu kabisa kuna mwenyekiti na wajumbe kumi na watano wa kuteuliwa, wengine hawajashika jembe tangu walipomaliza shule ya msingi. Chini yao kuna kamati nne, na ya mazao ndiyo iliyokuja kwenu. Chini ya kamati tupo sisi wa sekretarieti, tunaobeba makabrasha, tunaowauliza wananchi maoni yao na kuyaandika. Tunachoandika kinasomwa na kamati kwa nusu saa, Baraza linakipitisha kwa dakika kumi, halafu kinapelekwa kwa wenye mamlaka ya kuamua, ambao husoma ukurasa wa kwanza. Ukimlaumu anayeshauri, atakuambia hakuamua yeye. Ukimlaumu aliyeamua, atakuambia alishauriwa. Na mama? Mama hana wa kumsingizia. Kazi yake ni kung'olewa migomba. Upuuzi mtupu!

Unakumbuka kikao cha mwezi wa tatu pale darasani Nyaishozi. Bwana Gideon, mwenyekiti wa kamati yetu, alisema saa mbili nzima kwa Kiswahili cha vitabuni, huku wazee waliotoka kupalilia maharage wamebanwa kwenye madawati ya watoto. Alieleza kwamba palipo na mgomba mmoja mgonjwa, kibanja chote king'olewe, kisha ardhi ipumzishwe. Hakueleza watu watakula nini wakati ardhi imepumzika. Alipomaliza aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Darasa zima likanyamaza. Akanigeukia akitabasamu, akaniagiza niandike kwamba wananchi wamekubali kwa kauli moja. Kauli ipi, kaka? Hakuna aliyefungua kinywa!

Yeye ni mgeni, namsamehe hilo. Lakini kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mgeni aliyeleta neno zito hakataliwi usoni. Anasikilizwa, anapewa kahawa ya kutafuna, anasindikizwa mpaka barabarani. Jioni wazee wanakaa, na kesho yake anatumwa mtu kumpelekea jibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliyekaa pale na kalamu niliusikia mshindo huo vizuri sana. Bado nikaandika alivyotaka.

Najua kijijini mnasema kwamba wazee walijibu na Dodoma wakalitupa jibu lao. Ulisema hivyo kwenye simu, tena kwa uchungu. Mkamlaani Bwana Gideon na ukoo wake wote. Kaka, kikulacho ki nguoni mwako. Bwana Gideon hakuliona jibu hilo hata siku moja.

Mzee Placidius, aliyetumwa na wazee, alifika Kayanga tulikolala asubuhi ya siku ya pili, kwa bodaboda, na mabuti yake ya shambani. Tulikuwa nje ya nyumba ya wageni tunapakia mizigo. Alinivuta pembeni, akanipa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, yenye majina na alama za dole gumba za wazee ishirini na mmoja. Wameandika kwamba hawakubali. Wameeleza kwamba mgomba mgonjwa ukatwe peke yake, panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na maua ya chini ya mkungu yavunjwe kwa kijiti chenye panda. Hiyo ni akili kubwa kuliko hotuba yote ya Bwana Gideon. Na kanuni zetu zinaruhusu maoni ya maandishi kwa siku saba baada ya kikao. Lilikuwa jibu halali, lililofika kwa wakati.

Bwana Gideon akauliza kutoka garini huyo mzee ni nani na anataka nini. Wiki ileile alikuwa ameniambia nitakaimu ukuu wa sekretarieti ya mazao, iwapo taarifa ya Karagwe itafungwa bila vikwazo. Nikatazama yale mabuti yenye tope. Nikajibu kwamba ni mzee tu wa kijijini, anaomba nauli.

Mzee Placidius alisikia. Yeye ndiye aliyenibeba kwenye baiskeli mpaka hospitali nilipougua nikiwa darasa la pili. Alinitazama, akaniaga kwa heshima zote, akaondoka. Naona hajawaambia, maana mngekwisha kunilaani mimi. Karatasi niliitia kwenye mkoba, na cheo nikakipata.

Basi, hasira yangu yote hiyo juu ya Baraza, mimi mwenyewe ndimi wa kwanza kuistahili.

Karatasi yenyewe imo ndani ya bahasha hii. Nakala yake nimeikabidhi leo kwa katibu wa Baraza, pamoja na maelezo yenye sahihi yangu kwamba niliipokea ndani ya siku saba na nikaificha. Katibu amekiri kwamba ushauri ule lazima urudi kwenye kamati, lakini barua zao hutembea polepole. Kwa hiyo wewe usingoje. Kabla ya Jumatatu itisha mkutano wa kijiji, mwite bwana shamba, uisome barua hii mbele ya watu wote. Usiruke mstari. Na mtu akisema nililazimishwa, mkatalie. Sikulazimishwa na mtu.

Nisalimie wifi na watoto, na umbembeleze mama ale, hata kama baada ya kusikia haya hatataka kutajiwa jina langu. Mzee Placidius usimpe salamu zangu. Mrudishie karatasi yake, umwambie nakuja kumwamkia mwenyewe, kama atakubali kuniitikia.

Mdogo wako,
Kokwijuka