Sulisuli wa Lavington

Jumatatu, 3 Machi

Pu. Sauti hiyo tu ndiyo iliyobaki. Mngurumo wa injini ya mashua nimeusahau, na ndege, na hata kutapika kwangu. Rungu fupi la mti juu ya kichwa cha samaki. Mara moja. Kama mfuko wa unga unapoangushwa sakafuni. Wiki tatu sasa. Naisikia hata nikifunga droo.

Leo kazi ya kawaida. Masjala ya mahakama asubuhi. Foleni. Karani anakula njugu juu ya majalada ya watu. Nikarudi ofisini, orofa ya tano kwa miguu, lifti mbovu tena. Wakili Gathuru akaniita. Nilidhani ni ile rufaa. Ilikuwa habari ya samaki.

Anataka kutengenezewa sanamu ya yule sulisuli aliyemvua ofisi ilipotupeleka pwani. Faibaglasi, ukubwa uleule, atundikwe sebuleni kwake Lavington. Fundi yuko Kabiria, si mbali na kwetu. Na siku ile mimi ndiye niliyeshika utepe wa kupimia. Kwa hiyo niende mimi.

Miezi yangu sita ya mafunzo chini yake inaisha mwishoni mwa mwezi. Asipotia sahihi fomu yangu, siwezi kuapishwa kuwa wakili. Sikumwambia kwamba mimi si tarishi. Nilisema sawa.

Alhamisi, 6 Machi

Karakana iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Harufu ya resini inakaba koo. Samaki nusunusu wametundikwa kwa waya: upande mmoja mapezi na jicho, upande wa pili shimo tupu. Kingo zao zina nyuzi kama ndevu ambazo hazijanyolewa. Niliwaza maiti. Kisha nikaona upuuzi wangu. Katika habari hii yote, hao ndio pekee ambao hawajawahi kufa.

Fundi anaitwa Mzee Shee. Mtu wa Lamu, miaka arobaini Nairobi, na bado maneno yake hayajahama. Anazo kalibu za samaki za ukubwa mbalimbali. Huchagua inayokaribia vipimo, akatoa nusu mbili, akaziunganisha, akasugua mshono mpaka upotee, ndipo apake rangi. Samaki mwenyewe hahitajiki. Urefu, unene, picha. Basi.

"Ndiyo maana wanipenda hawa wanaowarudisha samaki majini," alisema. "Samaki aenda zake, mtu abaki na ukuta wake."

Nikampa karatasi ya Wakili. Sentimita 240. Akanitazama juu ya miwani. Sulisuli hupimwa kuanzia taya la chini hadi panda ya mkia. Ule mdomo mrefu kama mkuki hauhesabiwi. Nilijua. Nahodha alinielekeza hivyo, nikapima hivyo. 178. Nimeiandika nyuma ya daftari hili hili.

"Usijali, mwanangu. Samaki wote hukua njiani kutoka Mombasa hadi Nairobi. Sijui mwawalisha nini."

Nilicheka. Nilipofika nyumbani, Satellite, sikuona tena cha kuchekesha.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimwambia Wakili kuhusu 178. Alicheka kwa dhati, kichwa nyuma, meno yote nje. "Wakili mdogo, kwani mdomo si wake?" Ameagiza itumike kalibu kubwa.

Kisha akatoa fomu. Kuna chama cha wavuvi wa mchezo anachotaka kuingia, cha watu wenye majina. Chama hicho hutoa nishani kwa anayemrudisha samaki majini akiwa hai. Alipowaonyesha picha ya mashuani, wakamwuliza kama alimrudisha. Akajibu ndiyo kabla hajafikiri. Alinieleza hivyo mwenyewe, akitabasamu, kama mtu anayesimulia alivyojikwaa barabarani. Kule baharini alidhani kuua ndiko ushujaa. Amerudi mjini akagundua kuwa siku hizi ni ushamba.

Nahodha ameshatia sahihi. Inatakiwa na ya abiria mmoja aliyeshuhudia. Abiria tulikuwa wawili. Yeye na mimi.

"Usiiwaze sana. Hiki si kiapo cha mahakama."

Ananichukiza. Vidole vyake juu ya karatasi vinanichukiza, vimejaa na ni safi mno. Na ni mwalimu mzuri. Hilo nalo linanichukiza. Yeye ndiye aliyenifundisha kumwuliza shahidi swali moja kisha kunyamaza, nikiache kimya kifanye kazi.

Jumapili, 9 Machi

Niandike yote basi, humu hasomi mtu.

Nilimla.

Jioni ile hotelini walimkata vipande wakampika kwa nazi. Wakili alipakua kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, wakili mdogo, si ulimshikia utepe?" Nikala. Nikaongeza wali. Nikasema ni mtamu. Alikuwa mtamu kweli, nyama imeshikana kidogo, kama kuku wa kienyeji. Nililamba kidole.

Kwa hiyo huyo samaki aliyerudishwa baharini, sehemu yake ilipanda treni na mimi hadi Nairobi, ndani ya tumbo langu.

Mama amechukua gauni lake kwa mshonaji. Zambarau, mikono mirefu, la siku nitakayoapishwa. Nilimweleza habari ya fomu akiwa anakata sukuma wiki. Hakuinua macho. "Si hiyo samaki ni ya plastiki? Kwani itaenda kortini ikukane?"

Nikawasha jiko. Baadaye akasema polepole, kisu kikiwa kimesimama: "Weka sahihi, mami. Tumetoka mbali."

Tumetoka mbali. Najua. Nilikuwepo njia nzima.

Jumatano, 19 Machi

Mzee Shee alipiga simu. Picha ina kivuli, rangi hazionekani. Anataka mtu aliyemwona samaki kwa macho. Nilipitia kwake kabla ya kwenda kazini.

Sulisuli yuko mezani, mzima, mweupe kama jino. Mrefu kuliko meza. Mshono haupo tena. Nilipitisha kidole pale ulipokuwa nikakosa kuupata, nikauondoa mkono haraka. Sijui kwa nini hilo hasa. Labda kwa kuwa ni kazi nzuri.

Akaniuliza rangi. Nilifumba macho nikamwambia. Mgongo buluu nzito, karibu nyeusi. Pezi la mgongoni limesimama, lina madoa. Ubavuni michirizi inawaka kama moto wa gesi. Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nikamwambia michirizi ilivyozimika kuanzia mkiani, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepita nyumbani akizima taa. Kisha rangi ya shaba. Kisha jivu. Jicho likawa la mwisho.

Nilipofumbua macho, brashi ilikuwa imewekwa chini.

"Mwanangu, samaki arudishwaye majini huondoka na rangi zake. Wewe umeuona mwisho."

Kisha akanyamaza, vilevile nilivyofundishwa kuwanyamazia mashahidi. Niliangalia viatu vyangu. Vumbi la Kabiria, jekundu.

"Haya," akasema hatimaye. "Mimi napaka nilichoagizwa. Hai, basi hai." Akaanza na ile michirizi.

Jumanne, 25 Machi

Fomu mbili ziko ndani ya faili moja juu ya dawati la Wakili. Yake na yangu. Nimeziona nilipompelekea chai. Hakuna aliyezizungumzia. Alinieleza kwa subira, nusu saa nzima, nilipokosea katika hoja za rufaa. Alikuwa sahihi kila mahali.

Ijumaa, 28 Machi

Nimetia sahihi.

Alizipanga mezani, yake kushoto, yangu kulia. Hakusema ni kubadilishana. Hakuhitaji. Alitia ya kwake kwenye fomu yangu kwanza, akaipuliza wino ukauke, akanipa kalamu ileile. Ilikuwa bado na joto la mkono wake. Jina kamili. Namba ya kitambulisho. Nathibitisha kwamba nilishuhudia samaki huyu akiachiliwa akiwa hai.

Sahihi ilitoka nzuri kuliko zangu zote. Nilitaka iharibike.

Nikaenda msalani, nikanawa mara tatu. Sabuni ya ofisi inanuka limau lililooza. Bado nainusa.

Mama amepiga vigelegele jikoni hadi jirani akagonga ukuta.

Jumamosi, 5 Aprili

Lavington, chakula cha mchana. Mlinzi alikuwa na jina langu kwenye orodha. Nyasi zimekatwa kama zulia. Wageni kama ishirini, wengi wa kile chama, wamevaa mashati ya mikono mifupi na saa nzito.

Yuko ukutani juu ya kochi, amepinda kana kwamba anaruka kuelekea kwenye taa. Mzee Shee hakukosea kitu. Michirizi inawaka. Jicho lina maji. Ni mzuri kiasi cha kutisha, na ni mkubwa kuliko alivyokuwa, na hana alama yoyote ya rungu kichwani. Watu walisimama chini yake wakiwa na sahani za nyama choma, mafuta yakiwatiririka vidoleni, wakisema masikini, kiumbe kizuri kama hiki, nani angeweza kukiua.

Wakili alimgonga ubavu kwa konzi. Ko, ko. Mtupu.

"Huyu hata paka hamtaki," akasema bwana mmoja mwenye kipara. Wakacheka. "Lakini kweli ulimwachilia, Gathuru? Wewe? Wewe huachilii hata mfupa!"

Wakacheka zaidi. Wakili naye alicheka. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwangu. "Shahidi wangu ndiye yule. Wakili mdogo. Muulizeni."

Wakageuka wote. Bwana mwenye kipara akauliza, bila ubaya, akitafuna: "Alienda?"

Swali moja. Kisha kimya.

Nikasema, "Alienda."

Wakapiga makofi. Mama mmoja alinishika bega akasema vijana kama mimi ndio tumaini. Hapo ndipo nilipoona kibao cha shaba chini ya samaki. Sentimita 240. Aliachiliwa akiwa hai. Shahidi, kisha jina langu, lote, hadi la baba.

Hakuniomba. Alidhani ananipa heshima. Nadhani ni kweli alidhani hivyo. Ananichukiza, lakini si kama ule ulimi uliosema "alienda". Niko nao kinywani wakati huu ninapoandika.

Jumatatu, 7 Aprili

Mama amekaanga omena, wale dagaa wa ziwani. Nimekaa chumbani, dirisha wazi, mpaka harufu iishe.

Jumanne, 8 Aprili

Fomu yangu bado iko mkobani. Nilipaswa kuiwasilisha Jumatatu ya wiki iliyopita. Kila nikipita pale wanapozipokea nakumbuka kazi nyingine.

Nimejaribu kujitetea kama ningemtetea mteja. Samaki amekwisha kufa, hakuna aliyeumia, nahodha alitia sahihi kabla yangu, mama ana gauni. Hoja nzuri zote. Kisha nikajiuliza nitakachokuwa nikifanya kila siku kwa miaka thelathini ijayo. Nitakuwa nikiwaambia watu watie sahihi chini ya maneno, na kwamba maneno hayo ni ya kweli.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Siku ya tatu katika ofisi ya wakili mwingine, Bi Tatu. Chumba kimoja orofa ya pili, dirisha linatazama mnara wa msikiti. Mirathi na ndoa, wateja wengi ni watu wa pwani, kila mmoja anaagiziwa chai kabla hajasema shida yake. Bi Tatu aliniuliza kwa nini nataka kuanza miezi sita upya wakati ninayo fomu iliyokwisha kutiwa sahihi. Nilimwambia. Aliuliza kama nilijua nilichokuwa nikifanya. Nilijua, nikasema. Akanionyesha pa kutundika koti.

Fomu niliirudisha Alhamisi iliyopita kwenye dawati la Wakili Gathuru, pamoja na nakala ya barua niliyokiandikia chama. Alizisoma zote mbili. Sura yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. "Unajua maana yake?" Nikasema najua. Akaniambia nifunge mlango nikitoka. Niliufunga polepole.

Mama hakusema nami siku nne. Gauni la zambarau limo ndani ya nailoni, nyuma ya makoti. Leo asubuhi aliniuliza kama nimebeba mwavuli.

Barua yenyewe niliipeleka chamani kwa mkono, Jumatano ya tarehe tisa, kabla sijamwambia mtu yeyote ili nisizuiwe. Ilikuwa nusu ukurasa. Kwamba samaki aliuawa mashuani. Kwamba urefu wake ulikuwa sentimita 178. Kwamba mimi niliyetia sahihi nilikuwa miongoni mwa waliomla jioni ile. Karani aliisoma yote akiwa amesimama, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaniuliza kama ningependa nakala.

Nikamwambia anipe mbili, ya Wakili na yangu.